Rota ya Ukutani na Rota ya Mfukoni

Siku mliponiaga mlinipa blanketi zito, mkasema baridi ya Kuresoi haina adabu kwa wastaafu, kisha mkaniomba niwaandikie kitu kuhusu kazi. Nimekaa na ombi lenu msimu mzima wa viazi. Vyeo sitavitaja, kwa kuwa vilikuwa vichache na vyote vilichelewa, na mshahara mnaujua. Nitawaeleza jinsi nilivyofunzwa kupanga zamu, jinsi nilivyoiharibu kazi hiyo kwa mkono wangu mwenyewe, na yaliyompata Damaris kwa sababu yangu. Mambo haya mnayajua nusu. Nusu nyingine mliisikia jikoni, na jiko la hospitali halijawahi kuwa mahali pa kutafutia ukweli.

Nilianza uuguzi katika hospitali ya serikali, mwanamume mmoja kati ya wanawake kumi na mmoja. Wagonjwa waliniita daktari kwa sababu ya suruali tu, na madaktari wenyewe waliniita sista walipojisahau. Siku ya kwanza nilivaa viatu vipya vilivyolia kila nilipopiga hatua. Msimamizi wa wodi, Sista Wairimu, alinitazama miguu, akanitazama uso, akaniambia, "Kijana, hivyo viatu vitaamsha hata wenye tumepeleka mochari. Kesho ukuje na raba." Kesho yake nilikuja na raba. Nimevaa raba tangu siku hiyo mpaka mliponiaga.

Sista Wairimu alikuwa mama mfupi, mpole wa sauti na mkali wa macho. Zamu ilipobadilika hakukubali ripoti itolewe ofisini. Tulitembea sote, wanaotoka na wanaoingia, kitanda kwa kitanda, na kila kitandani anayetoka alisema, na anayeingia alimgusa mgonjwa. Ukisema mgonjwa ana joto la kawaida, mwenzako aliweka mkono kwenye paji la uso palepale, na kama ulidanganya uliaibika mbele ya mgonjwa. Jambo hili lilichukua nusu saa nzima. Nyinyi mmekuta linafanywa kwa daftari, na si kosa lenu.

Alinifunza pia kupanga rota, ile ratiba ya zamu za mwezi. Alikuwa na daftari dogo lililofungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza, na kila muuguzi aliandika humo maombi yake ya mwezi. Kuna aliyeomba Jumamosi zake kwa sababu ya Sabato, kuna aliyeomba wiki ya kuvuna mahindi, na kuna mmoja aliyeandika, "Mama mkwe anakuja tarehe kumi. Tafadhali niwe kazini." Sista Wairimu alimweka kazini tarehe kumi, kumi na moja, na kumi na mbili. Halafu alichukua penseli. Penseli, kwa sababu watu huugua na kufiwa, na rota ya penseli hufutika. Hakuanza na majina ya wauguzi. Alianza na wagonjwa: nani anageuzwa, nani analishwa, nani anaweza kubadilika ghafla. Baada ya hapo ndipo alipouliza mikono mingapi itatosha. Hakumwacha mtu yeyote peke yake hata saa moja. "Ukiwa peke yako wodini," aliniambia, "hata choo inakuwa likizo."

Baada ya miaka mingi huko nilihamia hospitali ya Daktari Gitau mjini Nakuru, hii mnayoijua. Enzi hizo ilikuwa ghorofa mbili, haina lifti, ina wabebaji wawili wenye mabega mapana. Daktari alipita mwenyewe kila asubuhi akiwauliza wagonjwa habari za ng'ombe wao kabla ya habari za vidonda. Watu walitoka Longonot, walitoka Elmenteita, wakapita hospitali nyingine njiani ili waje kwake. Kila zamu ya wodi ya akina mama ilikuwa na wauguzi wanne. Nilileta penseli yangu na desturi za Sista Wairimu, na Daktari hakunikatalia hata moja. Nilikuwa na raha kazini, nasema wazi, na nilidhani itaendelea hivyo mpaka nistaafu.

Kisha jirani zetu wakajenga. Ya kwanza ilikuwa na vioo kuanzia chini mpaka juu, na lifti iliyosema "karibu". Ya pili ilifunguliwa mahali palipokuwa duka la makochi. Ya tatu ilikuja na basi dogo la kuwachukua wajawazito nyumbani. Waliwachukua wagonjwa wetu wenye bima, halafu wakaona wagonjwa wanahitaji wauguzi, wakarudi kutuchukua sisi. Daktari Gitau akanunua mashine kubwa ya picha ili wagonjwa wasipelekwe kwa jirani. Mashine ikataka benki, benki ikataka kulipwa kila mwezi, na bima nazo zikilipa hulipa zinapojisikia. Watu husema mafahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Sisi tulikuwa na mafahali wanne, na sare zetu ni za kijani.

Msimuone Daktari kuwa mtu mbaya. Nilikaa naye kwenye vikao vya kutafuta cha kupunguza, na nawaambia havikuwa vikao vya furaha. Umeme haupunguzwi. Oksijeni haipunguzwi. Mashine ukiipunguzia kitu haiwaki. Muuguzi peke yake ndiye ukimwondoa mmoja, waliobaki watakimbia zaidi, na kwa siku chache itaonekana kana kwamba hakuna kilichopungua. Hilo ndilo lililotuponza. Tulikuwa wazuri mno wa kukimbia.

Wodi ya akina mama na wodi ya watoto zikaunganishwa kwenye ghorofa moja, mama mwisho huu, watoto mwisho ule. Nusu saa ya kupokezana kitanda kwa kitanda ikafutwa, kwa sababu ilihesabika kama watu wanne wanalipwa kusimama. Vijana wakaanza kuondoka. Faith, muuguzi niliyemfunza mwenyewe kuweka sindano ya mtoto, alijifunza Kijerumani saa za chai mpaka mpishi akaanza kumjibu kwa Kijerumani, halafu akaenda. Wanjala akavuka barabara kwenda kwenye vioo. Mapengo tukayaziba kwa vibarua wa siku, wauguzi wazuri tu, lakini mtu anayefanya kazi hospitali tatu huja kwako akiwa na theluthi moja ya mwili wake.

Sasa nifike kwenye dhambi yangu. Watu wa bima walitangaza kuja kukagua, na mkataba wao ulitaka wauguzi watatu kila zamu. Sisi tulikuwa na wawili, siku nyingine mmoja na kibarua. Daktari Gitau aliniita ofisini. Hakukaa kitini, alisimama dirishani.

"Koros, andika rota ya watu watatu. Wiki hii tu."

"Watatu nitawatoa wapi, daktari?"

"Andika tu. Tukipoteza hii bima, hata hao wawili hawatakuwa na mahali pa kufanyia kazi."

Niliandika. Nilitumia kalamu ya wino na rula, ikapendeza kuliko rota yoyote niliyowahi kutengeneza, nikaiweka ndani ya plastiki na kuibandika ukutani mlangoni mwa wodi. Ya kweli niliiandika kwa penseli, nikaikunja mara nne, nikaitia mfukoni. Wakaguzi walikuja, wakasoma ukuta, wakanywa chai, wakaenda. Lakini wiki hiyo moja haikuisha. Wakaguzi walikuwa na tabia ya kurudi bila kubisha hodi, kwa hiyo mwezi uliofuata nikaandika tena rota mbili, na uliofuata pia, mpaka ikawa ndiyo desturi yetu. Faith alikuwa akitutumia picha za theluji, na ukutani kwetu alikuwa akifanya kazi kila Jumapili bila kulalamika. Nilimwekea hata likizo, ili asionekane mashine.

Nyinyi nyote mlijua. Mgeni alisoma ukuta, mwenyeji aliniuliza mfuko. Niliwakataza kuipiga picha rota ya penseli, na kwa sababu mlinipenda mlinitii. Nilijiambia kwamba nalinda kazi za watu sitini, kuanzia daktari hadi anayefua mashuka, na haikuwa uongo. Mapengo mengi niliyaziba mimi mwenyewe kwa siku zangu za mapumziko. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa karibu miaka miwili, nikaanza kufikiri wahenga walikosea.

Damaris alikuja kwetu wakati huo. Binti wa Longonot, mikono myepesi, mdomo mwepesi zaidi, akiimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya chini anapotundika dripu. Alikuwa mmoja wa wachache waliobishana nami kuhusu rota. "Mzee," aliniuliza siku moja akisoma ukuta, "huyu Faith mnampenda sana, hata hamumpatii off ya Krismasi?" Nilicheka. Nilipaswa kuona aibu, lakini nilicheka.

Jumapili moja nilikuwa nimempanga Damaris na kibarua mmoja. Saa saba mchana nikiwa nyumbani mezani, alinipigia simu.

"Mzee, yule wa kibarua hajakuja. Anasema wale wa vioo walimpigia kwanza. Niko solo, na nina wamama watano na watoto saba."

"Vumilia kidogo, nitafute mtu."

Niliwapigia watatu. Mmoja alikuwa kazini kwa jirani, wa pili alikuwa ametoka zamu ya usiku na amelala, wa tatu hakushika. Basi nikaamua kwenda mwenyewe. Lakini nilimaliza kula kwanza. Hakuna aliyeniuliza habari ya sahani hiyo wakati wowote, wala haikuandikwa popote, lakini naiandika hapa kwa sababu ndiyo ninayoikumbuka ninapokosa usingizi.

Yaliyotokea wodini niliyapata baadaye, kwake na kwa wagonjwa wenyewe. Kulikuwa na mama anayeitwa Esther, aliyejifungua asubuhi hiyo mtoto wake wa kwanza, msichana. Mumewe, Njoroge, anafanya kazi kwenye machimbo ya udongo mweupe kule Kariandusi, na alikuwa amekaa kando ya kitanda akimtazama mtoto. Esther akaanza kutokwa na damu. Damaris akaona mapema, akaweka dripu, akamchoma dawa ya kukaza kizazi, akampigia simu daktari wa zamu, akaanza kusugua tumbo kwa mkono ili kizazi kijikaze. Daktari wa zamu alikuwa kwenye chumba cha upasuaji cha hospitali nyingine, maana naye alikuwa amejigawa mara tatu kama sisi wengine. Alisema anakuja. Hapo ndipo mama mmoja wa upande wa watoto akapiga kelele. Mtoto wake alikuwa ameshikwa na degedege, midomo imegeuka rangi.

Niwaulize nyinyi mnaosoma: mngekwenda wapi? Damaris aliuchukua mkono wa Njoroge, akauweka juu ya tumbo la mkewe.

"Baba, sikia hapa. Ukisikia pamelegea, sugua kwa nguvu mpaka pakuwe ngumu kama ngumi. Usiache mpaka nirudi."

"Mimi? Mimi nachimba, sista, sijasomea hii kitu!"

"Sugua tu, baba."

Akakimbia. Akamgeuza mtoto ubavu, akasafisha njia ya hewa, akampa oksijeni, akampa dawa, akasubiri mwili utulie, akamkabidhi kwa mamake kumshika hivyohivyo. Akakimbia kurudi. Njoroge alikuwa bado anasugua, jasho likimtoka, na Esther alikuwa ameanza kuwa mweupe. Mimi nilifika wakati wanamsukuma kuelekea upasuaji, daktari akivaa glavu huku akitembea. Damaris alikuwa mbele ya kitanda. Njoroge alikuwa amebaki wodini amesimama, mkono wake bado umekunjwa mbele yake kana kwamba kitanda kipo. Alikuwa akitazama ukuta.

"Daktari," aliniambia, kwa kuwa nami nilikuwa na suruali, "hapo wameandikwa watatu. Hao wengine wawili wako wapi?"

Nikamwambia akae chini, nikaenda kumletea maji. Jibu nilikuwa nalo mfukoni, penseli kwenye karatasi.

Mtoto wa degedege alikwenda nyumbani Jumatano akidai mandazi. Esther aliokoka, lakini ilibidi daktari akitoe kizazi. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Njoroge alipompeleka nyumbani alirudi na barua ya malalamiko, na sikuona hata neno moja humo ambalo mimi nisingeandika kama ningekuwa yeye. Alisema muuguzi alimfanyisha kazi yake mbele ya mke anayekufa, huku wenzake wawili wakiwa mahali wanakunywa chai. Alikuwa ameupiga picha ukuta kwa simu. Damaris akasimamishwa kazi, kikao kikaitishwa, na wakaalikwa watu wawili kutoka baraza la taaluma yetu. Kilichokuwa mbele yake si barua ya onyo. Wangeweza kumfutia leseni, na bila leseni Damaris si muuguzi Nakuru, wala Ujerumani, wala popote.

Siku ya kwanza ya kikao walimwuliza: wewe ndiye uliyekuwa mkubwa wa zamu, kwa nini hukumtuma Faith kwa mtoto na Wanjala kwa simu? Damaris akasema, "Nilikuwa peke yangu." Mwenyekiti akaiinua ile rota ya wino, nadhifu, ya rula. Akanigeukia.

"Bwana Koros, hii rota ni yako?"

"Ni yangu."

Hakuuliza lingine, na mimi sikusema lingine. Damaris alinitazama, akangoja. Niliutazama mkono wangu mezani. Kikao kikaahirishwa mpaka wiki iliyofuata, watu wakatoka, na nikawa wa mwisho kuinuka.

Nilitegemea aje nyumbani kunitukana. Alikuja siku ya tatu, amebeba mkate na maziwa kama mtu anayetembelea mgonjwa. Mke wangu akatuwekea chai. Damaris hakuligusa jambo la rota.

"Mzee, wewe ndio umenifunza. Nataka uniambie ukweli, usinionee huruma. Ile siku, ningefanya nini ingine?"

Basi tukaipitia Jumapili ile hatua kwa hatua, jinsi nilivyozoea kuwapitisha nyinyi nyote. Dripu aliiweka saa ngapi? Dawa kipimo gani? Alimpigia daktari kabla au baada? Kwa nini mtoto kwanza? Kwa sababu mtoto hakuwa na hewa, na mama alikuwa na dripu, dawa, na mkono juu ya tumbo. Mnanijua. Mimi sijawahi kukosa kosa la kumpa mwanafunzi, hata aliyekunja shuka vizuri nilimwambia kona ya nne haijakaa sawa. Nilitafuta. Nilirudia mara mbili, nikatafuta tena, na chai ikapoa. Sikupata hata moja.

"Hukukosea," nilimwambia.

Akalia. Hakuwa amelia kwenye kikao, alilia hapo kwa sababu ya neno hilo, na mimi nililia naye, mzee mzima, mke wangu akisimama mlangoni na buli asijue ampe nani. Kosa la siku ile lilikuwepo. Lilikuwa langu, na nilikuwa nimelichora kwa rula.

Asubuhi nilikwenda kwa Daktari Gitau kabla hajaanza kupita wodini. Nilimwambia nitasema. Alivua miwani, akaifuta kwa koti, akaivaa tena.

"Unajua mimi si mwizi, Koros."

"Najua, daktari. Hata mimi si mwongo. Lakini tazama tulichoandika."

"Wakifunga hii hospitali, utawaambia nini wale wa laundry?"

"Sijui."

Hakuniomba ninyamaze. Alisema tu kwamba mashine ile angetamani asingeinunua, kisha akachukua stethoskopu yake akaenda kuuliza watu habari za ng'ombe.

Yaliyofuata baada ya kikao cha pili nitayasema upesi, maana mliyaona. Hospitali haikufungwa, lakini bima mbili zilituacha, ghorofa ya juu ikafungwa kufuli, na watu tisa walipoteza kazi, akiwemo mama mmoja wa kufua ambaye tukikutana sokoni hupita upande mwingine. Simlaumu. Mimi nilipewa onyo kali na kuondolewa kwenye kupanga zamu, nikamaliza miezi yangu ya mwisho nikifunga vidonda, kazi ninayoipenda. Mliobaki mko watatu kila zamu, watatu wenye damu na nyama, kwenye vitanda vichache zaidi. Damaris alirudishwa. Najua vioo vimempigia simu, na Ujerumani pia inampigia, na akienda nitamwombea njia njema. Mkiletewa tena habari ya "wiki hii tu", msimamizi wenu akumbuke kwamba neno hilo nililisikia mimi kwanza, na nililiona kuwa la busara.

Lakini nataka mjue ilivyokuwa ndani ya chumba siku ya kikao hicho cha pili, kwa sababu wengi wenu mlikuwa wodini.

Nilisimama kabla sijaulizwa. Nilisema kwamba rota iliyo mezani niliiandika mimi, na kwamba si ya kweli. Mwenyekiti akaniambia nisome majina ya Jumapili ile na kueleza kila mmoja alikuwa wapi. Nikasoma. Faith, Ujerumani, mwaka wa pili sasa. Wanjala, hospitali ya jirani, tangu mwaka uliopita. Damaris, wodini. Kisha nikatoa ile karatasi ya penseli, nikaikunjua, nikaiweka juu ya ile ya wino. Mwenyekiti akauliza nani aliyejua. Nilikuwa nimejiandaa kujibu mwenyewe, lakini Daktari Gitau aliinua mkono kutoka kiti cha nyuma akasema, "Nilijua. Mimi ndiye nilimwomba." Nilimheshimu siku hiyo kuliko siku aliyonunua mashine.

Njoroge alikuwa amekaa upande wa ukuta na shati lake la kanisani. Vikao vyote viwili alikuwa amemkazia Damaris macho bila kupepesa, na nilizoea kuyaona macho hayo kuwa ya hasira. Mwenyekiti alipotoa mapumziko, watu wakaanza kuvuta viti. Njoroge akavuka chumba, akasimama mbele ya Damaris, akiwa na kofia mkononi. Nilisogea, nikihofia atamgusa.

"Kwa hivyo ile siku," alimwambia, "tulikuwa wawili tu. Wewe na mimi."

"Ndiyo, baba."

"Hakukuwa na mwingine."

"Hakukuwa."

Aliigeuza kofia, akaigeuza tena. Nikaelewa kwamba wiki zote hizo, mtu huyu alikuwa akiwatafuta wale wauguzi wawili ili mwenye kosa asiwe yeye.

"Sista, nilichoka kidogo. Mkono ulishikwa na ganzi, nikabadilisha. Hapo katikati niliachilia, labda nusu dakika." Akaunyosha mkono ule mbele yake. "Niambie tu ukweli. Nilisugua vizuri?"

Damaris alisimama. Aliushika ule mkono wake wa kuchimba kwa mikono yake miwili.

"Kila mtu hubadilisha mkono, baba. Hata mimi hubadilisha," alimwambia. "Ulisugua vizuri. Nilirudi nikamkuta yuko hai."